Uzi: Chissano, Mbeki na Mogae walikwama wapi kwenye mpaka wa Ziwa Nyasa?

Kasia la Liuli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila inapotokea habari ya meli mpya au ya mafuta kule kusini, mjadala wa Ziwa Nyasa unafufuka humu, watu wanatukanana kurasa kumi, kisha unazama. Leo sitaki ule wa "ziwa letu" na "ziwa lao". Nataka tuwazungumzie wapatanishi. Mwishoni mwa 2012 Tanzania na Malawi zilikubaliana kulipeleka shauri lao kwa jukwaa la marais wastaafu wa Afrika, mwenyekiti akiwa Joaquim Chissano wa Msumbiji, na pembeni yake Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Watu wazito watatu. Mpaka leo ramani ya Tanzania inachora mstari katikati ya maji, na ya Malawi inauchora kwenye mchanga wa Kyela, Ludewa na Mbamba Bay.

Msimamo wangu nauweka mapema ili wenye haraka wapate cha kupinga. Watu wanasema wazee walishindwa kwa kuwa hawana meno. Sikubali. Walishindwa kwa sababu kati ya wale wawili waliowaita, hakuna aliyeogopa kurudi nyumbani mikono mitupu. Mtu ambaye hali ilivyo inamtosha, mpatanishi hana cha kumpa.

Nakwenda kwa vipande, msinikimbize.

KIPANDE CHA KWANZA: KARATASI

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilisaini ule mkataba tunaoujua zaidi kwa habari ya Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Humohumo, ibara ya kwanza, waligawana Nyasa: mpaka unafuata ukingo wa mashariki wa ziwa, unazunguka wa kaskazini, unashuka wa magharibi hadi upande wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Kwa lugha ya nyumbani, Mjerumani alibaki na nchi kavu na Mwingereza akabeba maji. Maneno hayo hata uyageuze vipi hayatoi "katikati". Najua nitapigwa mawe, lakini hiyo ndiyo karatasi Malawi iliyoiweka mbele ya Chissano, na lazima tuisome kama alivyoisoma yeye.

Sasa wengi wetu tunaishia hapo kwa hasira, wakati mkataba huohuo una ibara ya sita. Inasema mistari yote iliyochorwa kwenye ibara za mwanzo inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili, kulingana na mahitaji ya mahali husika. Isomeni tena taratibu. Karatasi inayotunyima maji ndiyo hiyo inayotuachia mlango, ila komeo liko upande wa pili: makubaliano ya pande mbili. Hakimu hawezi kukulazimishia makubaliano. Mpatanishi anaweza kukusaidia kuyatafuta.

Na hilo limewahi kufanyika kwenye ziwa hilihili. Upande wa Msumbiji mpaka nao ulikuwa ufukweni. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikaa, zikausogeza hadi katikati ya maji, na visiwa vya Likoma na Chizumulu vikabaki vya Nyasaland (Malawi ya kikoloni) ingawa viko jirani kabisa na pwani ya Msumbiji. Kwa hiyo mpatanishi mkuu wetu anatoka nchi iliyopata nusu ya maji kwa mazungumzo. Sisi wakati huohuo tulikuwa chini ya Mwingereza, na yeye aliyetawala ng'ambo zote mbili hakuona sababu ya kujisogezea mpaka yeye mwenyewe. Ndiyo maana taarifa na ramani zake za miaka ile hazikubaliani: nyingine zinasema katikati, nyingine ufukweni.

Kando kidogo, kwa wanaopenda historia. Agosti 1914, vita ilipoanza tu, meli ya Waingereza Gwendolen ilivuka ziwa na kuipiga meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa ufukweni pale Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo. Wazungu hupenda kuisimulia kama ushindi wa kwanza majini wa vita ile. Mimi inanipa swali jingine: huyu Mjerumani asiyekuwa na tone la maji kwa mujibu wa mkataba alikuwa na meli na gati miaka yote hiyo. Kwenye maji ya nani?

Mkeka Chini

Nimetandika, endelea mkuu. Mods msiunganishe huu na ule wa matusi.

Bwana Hati

Mleta uzi umeanza vizuri. Niongeze moja kabla hujafika mbali, maana nimechoka kuliona. Watu wanasema "sheria ya kimataifa inataka mpaka wa ziwa uwe katikati" na wanataja mkataba wa sheria ya bahari wa 1982. Mkataba ule ni wa bahari, hauhusu maziwa. Ni kweli maziwa mengi yamegawanywa kwa mstari wa kati, Tanganyika likiwemo, lakini hiyo ni desturi ya pale ambapo hakuna mkataba unaosema vingine. Mkataba ukiwepo, unasomwa mkataba.

Hoja ya Tanzania yenye uzito ni nyingine: wakazi wa mwambao wamevua, wamesafiri na kunywa maji yale vizazi na vizazi, watawala wenyewe walikuwa na mkanganyiko wa ramani, na ibara ya sita ilisubiri kutumiwa. Hizo ni hoja za mezani. Ukizipeleka mahakamani zinapoa.

Mtoto wa Songea

Bwana Hati wewe ni Mmalawi au? Mwalimu alisema katikati, mwisho wa habari.

Kasia la Liuli

Mtoto wa Songea, nimefika hapohapo kwa Mwalimu. Vumilia.

KIPANDE CHA PILI: SIASA

Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964. Wiki mbili baadaye, Cairo, wakuu wa OAU walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kulitetea. Busara yake ilikuwa wazi, maana Afrika ingeanza kurekebisha mipaka isingebaki nchi. Lakini azimio lile ni kisu chenye makali pande mbili, na mwaka 1967 Nyerere alipotangaza hadharani kwamba mpaka wetu na Malawi unapita katikati ya ziwa, Hastings Banda, kiongozi wa Malawi, alikuwa na jibu tayari: si ninyi mlisema mipaka isiguswe? Tena serikali ya Tanganyika yenyewe, ikiwa bado changa, iliwahi kukiri bungeni kwamba kwa mkataba ule maji hayakuwa yake.

Mwalimu naye alikuwa na hoja, kwamba mipaka iliyorithiwa ilikuwa na utata tangu kwa mkoloni. Halafu tusisahau hali ya hewa ya miaka ile. Banda alikuwa na urafiki na Wareno na Makaburu. Dar es Salaam ilikuwa makao ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Mwaka 1968 Banda akatoa kali zaidi, akadai hata maeneo ya nchi kavu kusini mwa Tanzania, mashariki mwa Zambia na kaskazini mwa Msumbiji kuwa ni ya Malawi ya asili. Baada ya hapo hakukuwa na mazungumzo ya maana. Nchi mbili jirani zilikaa hadi 1985 ndipo zikaanzisha uhusiano wa kibalozi.

Hapo katikati watu waliendelea kuvua. Hili nalirudia baadaye.

Kilichouamsha mgogoro ni mafuta. Mwaka 2011 serikali ya Bingu wa Mutharika iliipa kampuni ya Uingereza, Surestream Petroleum, leseni ya kutafuta mafuta na gesi ziwani, upande tunaoudai sisi. Bingu akafariki Aprili 2012, akaingia Joyce Banda. Katikati ya mwaka huo Bernard Membe, waziri wetu wa mambo ya nje, akasema bungeni utafutaji usimame. Edward Lowassa, akiwa mwenyekiti wa kamati ya bunge ya ulinzi na mambo ya nje, akazungumzia utayari wa jeshi. Mnakumbuka ile hali, vijiweni watu walishaanza kuhesabu vifaru. Kikwete akashusha joto, akasema hatuna mpango wa vita, wakakutana na Joyce Banda Maputo kwenye mkutano wa SADC. Wataalamu wakakaa Mzuzu mwezi Agosti. Oktoba Malawi ikajitoa, ikilalamikia ramani mpya ya Tanzania na usumbufu kwa wavuvi wake. Desemba ndipo wakakubaliana kwenda kwa Chissano.

Tazameni mfululizo huo: waliingia kwenye upatanishi wakiwa wamechoka na kelele, na vita walikuwa wameshaikataa kwa midomo yao wenyewe. Hofu ilikuwa imeisha kabla mpatanishi hajaketi.

Wa Karonga

Kaka, mimi ni Mmalawi wa Karonga, Kiswahili changu ni cha soko la Mbeya, mnisamehe. Sisi tunaliita Ziwa Malawi.

Nakushukuru kusema ukweli wa 1890. Lakini umepita haraka sana kwenye neno moja. Aprili 2013 mama Joyce Banda alisema nyaraka zetu tulizompa mpatanishi zimevuja kwenda Tanzania kupitia ofisi ya jukwaa lenyewe. Sijui ukweli wa ndani, lakini kwetu watu wengi waliamini. Na huyo Chissano ni nani kwenu? Aliishi Dar es Salaam miaka ya kupigania uhuru. Mwaka 2004 alihutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili! Mnampenda, na haki yenu. Sisi rais wetu wa kwanza alikula na Wareno waliokuwa wanampiga Chissano. Ukituambia tumwamini huyo agawe ziwa letu, unafikiri mtu wa Nkhata Bay analala?

Kasia la Liuli

Wa Karonga, karibu sana, na Kiswahili chako kinashinda cha wengi humu.

Hoja yako ya Chissano naipokea nusu. Mpatanishi asiyejua lolote wala kuhusiana na yeyote hayupo, na angekuwepo asingefaa kitu. Mwenye undugu na upande mmoja anaweza kuwa na faida kwako kuliko mgeni, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kumfungia ndugu yake mlango akamwambia "hapa unakosea". Chissano angeweza kuwaambia wakubwa wa Dodoma kwamba kwa karatasi wako pabaya, na wasingemwita kibaraka. Mbeki na Mogae wasingepata nafasi hiyo. Lakini kwa hilo kufanya kazi, ofisi yake ilipaswa isiguswe na tuhuma yoyote. Tuhuma ya kuvuja, iwe kweli isiwe kweli, iliikata hiyo kamba mapema. Machi 2014 mawaziri walikutana na wazee Maputo, taarifa ikatoka ya kiungwana sana, ya kuendelea kuzungumza. Mei mwaka huo Malawi ikapata rais mwingine, Peter Mutharika.

Lakini nikuulize na wewe: kama shida ilikuwa Chissano tu, kwa nini Malawi haikupendekeza mpatanishi mwingine? Ilisema itakwenda The Hague, kwenye mahakama ya kimataifa. Ikasema tena. Mpaka leo haijaenda.

Dada wa Kyela

Samahani kaka zangu, mimi si mtu wa mikataba, nimezaliwa Matema. Mnazungumza kana kwamba pale hakuna watu.

Wakisi wanafinyanga vyungu, wanavipakia kwenye mitumbwi, wanavipeleka sokoni. Usipa ukijaa unafuatwa ulipo, na samaki hana pasipoti. Kwenye harusi na misiba ya kwetu watu wanatoka ng'ambo, na sisi tunakwenda kwao. Ukoo mmoja una mashangazi Karonga na wajukuu Ipinda. Mwaka ule wa kelele, 2012, wanaume walikuwa wanauliza waende umbali gani na wavu. Hakuna aliyekuja kuwajibu, si wa serikali yetu, si wa kwao. Huyo mpatanishi mkuu mnayemsifu alifika mwaloni akaongea na wavuvi? Mimi sikusikia.

Mkeka Chini

Dada ametupeleka kwenye mchanga wenyewe.

Bwana Hati

Nijibu la The Hague, maana ndilo moyo wa mada.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki haiburuzi nchi. Kuna njia mbili kubwa za kufika pale. Ya kwanza, nchi zote mbili ziwe zimetangaza kukubali mamlaka yake ya lazima. Malawi ilitangaza tangu miaka ya 1960, Tanzania haijatangaza. Ya pili, nchi mbili ziandike hati ya pamoja ya kupeleka kesi, na hapo Tanzania lazima isaini. Kwa hiyo Malawi inaposema "tutawapeleka The Hague" inasema maneno tu. Haiwezi bila sisi.

Linganisheni na rasi ya Bakassi, iliyogombewa na Nigeria na Cameroon. Nigeria ilikuwa imeshakubali mamlaka ya mahakama, kwa hiyo mwaka 1994 Cameroon iliishtaki moja kwa moja. Hukumu ikatoka Oktoba 2002 kwa faida ya Cameroon. Nigeria ikanung'unika, ndipo Kofi Annan akaingia kupatanisha, wakasaini makubaliano ya Greentree Juni 2006, na makabidhiano yakakamilika Agosti 2008. Angalieni mpangilio: hukumu kwanza, mpatanishi baadaye. Annan alikuwa na karatasi ya majaji mkononi. Wazee wetu hawakuwa na chochote mkononi.

Kasia la Liuli

Asante mwanasheria, umenitafunia kipande cha tatu.

KIPANDE CHA TATU: KWA NINI HAWAKUOGOPA

Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Yule Mogae aliyekaa mezani alikuwa na kesi yake ya jirani. Botswana na Namibia ziligombea kisiwa kidogo Mto Chobe, Wabotswana wanakiita Sedudu, Wanamibia Kasikili, kama kilometa za mraba 3.5 tu, na mafuriko hukifunika kila mwaka. Mei 1992 marais wa nchi hizo walikutana Kasane, mbele ya Robert Mugabe kama mpatanishi. Mugabe hakuwaamulia. Alichowasaidia ni kupanda ngazi kwa makubaliano: kwanza timu ya pamoja ya wataalamu, na baadaye, walipokwama, mahakama. Wataalamu walishindwa. Mwaka 1996 wakasaini hati ya pamoja kwenda The Hague, na tarehe 13 Desemba 1999, Mogae akiwa ameshakuwa rais, majaji kwa kura 11 dhidi ya 4 wakaipa Botswana kisiwa. Namibia ikakubali.

Sasa shikilieni kiti. Karatasi iliyoamua kesi ile ni ipi? Ni mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Huohuo! Ibara ya tatu badala ya ya kwanza. Majaji walikaa na maneno ya mkataba, wakatafuta mkondo mkuu wa mto ni upi, na hoja ya Namibia kwamba watu wake wa Caprivi walikilima kisiwa kile miaka mingi haikutosha kuyashinda maneno.

Wakili yeyote wa serikali yetu aliyesoma hukumu ile anajua kinachotungoja tukisaini kwenda kule na ibara ya kwanza. Silaumu. Ningekuwa mimi nisingesaini. Lakini matokeo yake ndiyo haya: Tanzania haina hofu ya mahakama kwa kuwa haiwezi kuburuzwa, na Malawi haina sababu ya kulegeza kwa mpatanishi kwa kuwa inaamini karatasi iko kwake. Mmoja analindwa na kutokwenda kortini, mwingine na kutokubaliana mezani. Wote wawili wanalala usingizi. Mpatanishi wa aina hii ni mshenga aliyetumwa na koo mbili ambazo kila moja imeshaamua haitoi mahari.

Mnataka upatanishi uliofanya kazi? Argentina na Chile, mlango wa bahari wa Beagle, ncha ya kusini kabisa ya Amerika. Mwaka 1977 uamuzi wa usuluhishi uliotolewa kwa jina la Malkia wa Uingereza uliipa Chile visiwa vya Picton, Lennox na Nueva. Argentina, chini ya majenerali, ikaukataa. Desemba 1978 majeshi yalikuwa njiani kweli, si maneno ya kamati ya bunge. Ndipo Papa Yohane Paulo II akamtuma kadinali Antonio Samorè. Januari 1979, Montevideo, akawafanya wasaini kuacha nguvu na kukubali upatanishi wa Vatikani. Mnafikiri ilichukua muda gani baada ya hapo? Samorè alifariki 1983 kazi haijaisha. Majenerali wa Argentina walishindwa vita ya Falklands, wakaanguka, akaja Raúl Alfonsín aliyetaka kuumaliza, akauliza wananchi kwa kura, na Novemba 1984 mkataba ukasainiwa. Visiwa vikabaki vya Chile, Argentina ikapata mpangilio wa bahari uliozuia Chile kuenea kwenye Atlantiki.

Vatikani ilikuwa na nini ambacho Chissano hakuwa nacho? Jeshi halikuwepo, kote kuwili. Ilikuwa na pande mbili zilizokuwa zimeona vita kwa macho zikaogopa, na ilikuwa na uvumilivu wa kungoja mtu wa kusema ndiyo aingie ikulu. Tena ilitenganisha umiliki wa visiwa na matumizi ya bahari. Hapo ndipo sisi tulipofeli kabisa. Kwetu swali lilipelekwa mezani likiwa moja na la kufa na kupona: mstari uko wapi.

Mtoto wa Songea

Kwa hiyo unataka tuuze ziwa.

Kasia la Liuli

Hapana. Nimekwambia nisingesaini hata kwenda mahakamani. Soma tena mkuu.

Wa Karonga

Nimesoma hiyo ya Chobe, sikuijua. Lakini hukumu ile si ilisema pia boti za nchi zote mbili zipite kwa usawa?

Bwana Hati

Ndiyo, na kwa kauli moja. Majaji waligawanyika kuhusu kisiwa, ila wote walikubaliana kwamba kwenye mikondo yote miwili inayokizunguka, raia na vyombo vya pande zote vitendewe sawasawa. Chimbuko lake lilikuwa maafikiano ya nchi zenyewe kule Kasane, siku ile ya Mugabe. Yaani hicho kipande kizuri ni cha mezani, majaji walikipiga muhuri tu.

Dada wa Kyela

Basi si hicho ndicho tunachotaka? Mstari wenu chorani hata kwa dhahabu, mimi nataka kujua mtumbwi wa mjomba utakamatwa au hautakamatwa.

Kasia la Liuli

Dada, ndiyo maana nilisema nitarudi kwa wavuvi.

Watu hawajui kwamba nchi hizi mbili, zikiwa zinagombana juu ya ziwa, zimekuwa zikifanya kazi pamoja kwenye Mto Songwe, hatua chache tu kutoka hapo. Songwe huhama njia. Mvua ikiwa kubwa, mtu aliyelala Tanzania anaamka shamba lake liko Malawi. Wakaunda kamisheni ya pamoja ya bonde, yenye mpango wa kuimarisha kingo, bwawa, umeme na umwagiliaji. Hawakumwita rais mstaafu yeyote. Maafisa wa maji wa pande mbili walikaa, kwa sababu mto ule unawaumiza wote kila masika na hakuna anayefaidi kuchelewa.

Kwenye ziwa ningependa mpatanishi mwingine, akija, apewe kazi ndogo kuliko ya Chissano. Aachane na mstari kwa sasa. Aulizwe mambo matatu tu yanayouma: leseni za uvuvi na mwendo wa mitumbwi, usajili na usalama wa meli, na mafuta. La kwanza na la pili yanamalizika haraka, tayari meli za nchi zote mbili ziko majini na mbingu haijaanguka. La tatu ndilo gumu.

Wa Karonga

La tatu nalisubiri. Nchi yetu maskini, kaka. Mkisema "tusubiri" mnatuambia tukae na njaa juu ya mafuta.

Kasia la Liuli

Sijasema msubiri. Nasema fikiria maji yanavyokwenda. Ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, Mto Shire, huko kusini kwenu. Umeme wenu karibu wote wa maji unatoka Shire. Kisima kikipasuka Nkhata Bay au Mbamba Bay, hakuna mstari wa kuyazuia mafuta yasifike kwenye samaki wako na wa Dada. Na mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani ni Ruhuhu, unatoka milima ya kwetu. Tukianza siku moja kuchezea Ruhuhu, mitambo yenu ya Shire itaona. Hicho ni kitu Tanzania inacho mkononi ambacho hakimo kwenye karatasi ya 1890, na sijawahi kusikia kikitajwa vizuri kwenye mazungumzo. Ningekuwa mpatanishi ningeanza na hicho: ninyi mhakikishiwe maji ya juu, sisi tushirikishwe kwenye kila leseni ya mafuta ya nusu ya kaskazini, na mapato yaandikiwe kanuni kabla ya tone la kwanza kutoka. Yakishatoka, hakuna atakayeinama.

Mtoto wa Songea

Na sisi tunaharakia nini? Wao wana mafuta na umeme. Tanzania inapoteza nini tukikaa hivihivi miaka mingine hamsini?

Kasia la Liuli

Swali zuri, la kwanza zuri umeuliza leo, usikasirike.

Bandari ya Mbamba Bay na barabara ya kutoka Mtwara. Ushoroba ule haukupangwa kwa ajili ya mahindi ya Mbinga peke yake. Hesabu yake inategemea mizigo ya Malawi ivuke kutoka Nkhata Bay, ipande malori hadi bahari ya Hindi, badala ya kwenda Nacala au Beira. Unajenga gati, unanunua kreni, halafu mteja wako mkuu ni yule unayemwambia nusu ya maji anayovuka si yake, na yeye anakuambia gati lako limeanzia kwenye maji yake. Msumbiji, kwao Chissano, wana reli ya Nacala inayopita ndani ya Malawi kwenyewe na hawana ugomvi naye wa ziwa, walishaumaliza 1954.

Wa Karonga

Hahaha. Mizigo ya kaskazini kwetu inatafuta njia fupi, hilo kweli. Lakini kwa bei gani pale gatini?

Bwana Hati

Hapo sasa mmeanza kujadiliana. Muiteni mpatanishi.